Saa Ibaki Nyumbani: Somo la Nürburgring kwa Madereva wa Ridhaa

Kila anayenunua tiketi ya kuendesha gari lake kwenye Nordschleife, ile njia ndefu ya kaskazini ya Nürburgring huko Ujerumani, anakubali masharti yanayoweza kumshangaza. Kulipita gari jingine ni kwa upande wa kushoto tu. Mwenye mwendo mdogo akae kulia awapishe wenye kasi. Na kujipima muda ni marufuku. Njia iliyojengwa kwa ajili ya mashindano, ambayo viwanda vya magari vinaitumia hadi leo kutangaza rekodi zao, ikifunguliwa kwa umma inakuwa kisheria barabara ya kulipia ya mwelekeo mmoja, na sheria za barabarani zinafuata. Viwanja vingi vya Uingereza navyo vinapowafungulia milango madereva wa kawaida huweka katazo hilohilo. Madereva wengi wa ridhaa huliona kuwa jambo la wanasheria na kampuni za bima: la kutii mbele ya wasimamizi, na kulivunja kwa simu iliyofichwa chini ya dashibodi. Makala haya yanalitetea kwa hoja za ufundi. Hata sheria ingeruhusu, anayejifunza njia ngumu angefaa aiache saa nyumbani, kwa sababu saa humfundisha makosa.

Nordschleife ilijengwa kati ya 1925 na 1927 katika milima ya Eifel, na wajenzi wake waliufuata mlima ulivyo badala ya kuusawazisha. Ina urefu wa kilomita 20.832 na kona zaidi ya 70, na kutoka bondeni Breidscheid hadi juu Hohe Acht kuna tofauti ya takriban mita 300. Viwanja vingi vya mbio vya leo vina kilomita nne au tano tu, na hapo ndipo namna ya kujifunza inapobadilika. Kwenye uwanja mfupi, aliyekosea kona ya tatu anairudia baada ya dakika mbili, kosa likiwa bado mikononi. Huku, dereva wa ridhaa mwenye gari la kawaida hutumia dakika kumi au zaidi kumaliza mzunguko, na kabla hajaiona tena kona aliyokosea atakuwa ameshazipita nyingine zote. Akizunguka mara sita kwa siku, kila kona ameijaribu mara sita tu, na mara hizo sita huenda zisifanane. Mvua inaweza kunyesha upande mmoja wa msitu huku upande wa pili lami ikiwa kavu, na pale miti inapozuia jua, unyevu hukaa hata mawingu yakishaondoka. Jackie Stewart alishinda hapa mwaka 1968 katikati ya ukungu na mvua, akimwacha wa pili kwa zaidi ya dakika nne, na ndiye anayetajwa kuipa njia hii jina la Jehanamu ya Kijani.

Tutazame kipande kimoja kwa karibu. Baada ya kona ya Aremberg njia inateremka ndani ya Fuchsröhre. Vikona vyake ni vyepesi kiasi kwamba gari linaweza kushuka karibu moja kwa moja, na mteremko unaongeza mwendo wenyewe. Chini kabisa barabara inapinda ghafla kwenda juu: gari linagandamizwa kwenye springi zake, dereva anahisi mwili ukizama kitini, na kwa muda mfupi tairi zinashika lami kuliko kawaida. Mshiko huo unadanganya. Mbele kuna mpando, na mwisho wa mpando macho hayaoni kitu ila lami na anga. Nyuma ya mgongo huo wa kilima imejificha Adenauer Forst, kona kali ya kushoto inayofuatwa papo hapo na nyingine ya kulia. Anayeijua anakuwa ameshakanyaga breki kabla hajaiona. Asiyeijua anafika kileleni gari likiwa jepesi, kwa kuwa uzito wake unataka kuendelea kwenda juu wakati barabara imeanza kulala. Ndipo anapoiona kona, anakanyaga breki wakati tairi zina mshiko mdogo kuliko aliouzoea sekunde chache nyuma, na anaishia nyasini. Watazamaji hukusanyika hapo na kamera zao kwa sababu wanajua mgeni wa namna hiyo hatakosekana. Wafuatiliaji wa Safari Rally wanajua kwamba pembeni ya dereva hukaa mwenzake anayemsomea kona zijazo. Kwenye Nordschleife kiti hicho kwa kawaida ni kitupu, au amekaa rafiki aliyeshikilia mkanda kwa mikono miwili. Dereva lazima awe msomaji wa njia yake mwenyewe, na daftari lote liwe kichwani.

Kosa dogo la mwendo lina gharama kubwa kuliko hisia zinavyotuambia. Nguvu iliyomo ndani ya gari linalokwenda hukua kwa mraba wa mwendo, na breki lazima ziimalize nguvu hiyo yote. Chukua magari mawili yanayofanana kwenye lami kavu, yenye tairi nzuri, moja likienda kilomita 160 kwa saa na jingine 180. Madereva wote wanakanyaga breki mahali pamoja, kwa nguvu ileile. La kwanza linasimama baada ya takriban mita 100. Wakati huo la pili, lililozidi kwa kilomita 20 tu, bado linakwenda zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Moyo wa dereva ulihesabu 20. Fizikia imehesabu 80. Na katika mwendo wa 180 gari humeza mita 50 kila sekunde, hivyo anayesita nusu sekunde kwa kutokuwa na uhakika kama kona inayokuja ni ya kushoto au ya kulia ameshapoteza mita 25 kabla mguu haujagusa breki. Kwa hiyo kuikumbuka njia ni umbali unaopimika kwa mita, na dereva asiye na umbali huo hawezi kuununua kwa ujasiri.

Sasa mpe dereva huyu saa. Mwisho wa mzunguko inampa namba moja: tuseme dakika 10 na sekunde 20. Mzunguko unaofuata inasema dakika 10 na sekunde 12, naye anafurahi. Sekunde nane hizo zimetoka wapi? Huenda amekuta njia tupu pale alipozuiwa mwanzo. Huenda ametoka vizuri Bergwerk, kona ya kulia inayofungua ule mpando mrefu wa Kesselchen. Huenda pia ameingia Schwedenkreuz kwa mwendo ambao bahati peke yake ndiyo iliyomvusha. Saa imeyajumlisha yote, ustadi na bahati na uzembe, ikayasifu kwa namba moja. Mwalimu anayesahihisha maswali 70 kisha akarudisha alama ya jumla bila kuonyesha lipi limekosewa hajafundisha kitu. Lililo baya zaidi, anayeifukuza saa huanza kutafuta muda pale unapoonekana rahisi kupatikana, yaani kwa kuchelewa kukanyaga breki. Kuchelewa kwa mita 10 huokoa sehemu ndogo ya sekunde, mara moja, na kukiharibika kunaharibu kona nzima. Kutoka Bergwerk gari likiwa limetulia, na kilomita tano za ziada kwenye mwendo wake, ni faida inayopanda nalo mlima. Faida hiyo kwa kawaida huanza kwa kuingia kona taratibu zaidi, jambo ambalo mtu aliyekaza macho kwenye saa huliogopa.

Saa pia haioni joto. Kutoka Kallenhard, kupitia Wehrseifen, njia inashuka hadi Breidscheid, na breki zinafanya kazi mteremkoni zikiwa hazijapata nafasi ya kupoa. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huhimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Lakini mafuta hayo hunyonya maji kutoka hewani, na yakishanyonya, kiwango kinachotakiwa na daraja hilo hushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka, mapovu ya mvuke hujaa ndani ya mabomba, na mvuke unabonyea tofauti na mafuta: pedeli inazama hadi sakafuni na gari halipungui. Gari linalopita miaka kati ya nyumbani na kazini bila kuonyesha kasoro yoyote linaweza kuionyesha hapa katika mzunguko wa pili. Dalili huja mapema, pedeli ikianza kuwa laini na harufu ya pedi zilizoungua ikiingia ndani. Dereva asiye na saa anazisikiliza, analegeza, anaacha upepo upoze diski. Mwenye saa anahesabu kwamba akilegeza sasa namba imeharibika.

Pingamizi la kwanza ni la haki: bila kipimo, mtu atajuaje kama anaendelea? Vipimo vipo, tena vinaonyesha kosa mahali lilipo. Hesabu ni mara ngapi umelazimika kurekebisha usukani baada ya kuanza kukata kona. Zikipungua, mstari wako umeboreka. Angalia kama unakanyaga breki mahali palepale kila mara, mbele ya alama ileile ya barabarani. Angalia kama unaweza kuitaja kona inayofuata, na upande inakoelekea, kabla mgongo wa kilima haujaiachia. Mlipe mkufunzi akae kiti cha abiria, kwa sababu yeye anahisi kwa mwili pale ulipokurupuka. Anayefanya vizuri katika mambo haya atakuwa na kasi zaidi kuliko mwaka uliopita, iwe ameipima au hajaipima.

Pingamizi la pili linasema magari ya leo yana breki zisizofunga magurudumu na mifumo ya kuzuia kuserereka, na kwamba njia yenyewe inaweza kujifunzwa kwenye michezo ya kompyuta; Nordschleife imo katika Gran Turismo tangu toleo la nne la mwaka 2004. Kuhusu mifumo, jibu ni fupi. Inagawa vizuri mshiko uliopo na haiwezi kutengeneza mwingine. Mwendo ukishauzidi uwezo wa tairi kwenye kona, kompyuta haina cha kugawa. Kuhusu michezo ya kompyuta, pingamizi linaunga mkono hoja yangu. Mchezo unafundisha mpangilio wa kona, na huo ndio msingi wa kila kitu. Aliyezunguka sebuleni mara 200 anafika Eifel akiwa amepunguza ugeni wake sana. Asichofundishwa ni uzito wa gari kileleni, unyevu chini ya miti, wala gharama, kwa kuwa kwenye njia halisi anayegonga kingo za chuma hutozwa ukarabati wake na kazi ya kuliondoa gari, na bima nyingi hujitoa. Aende mchezoni kwa kumbukumbu, na aiache huko tabia ya kufukuza namba.

Wa tatu atasema njia hii imejengwa kwa lugha ya muda, na kuuondoa ni kuitoa roho. Ni kweli kwamba majina yake makubwa yameandikwa kwa dakika na sekunde: Niki Lauda akishuka chini ya dakika saba mwaka 1975, Stefan Bellof na dakika 6 na sekunde 11 mwaka 1983, Timo Bernhard na dakika 5 na sekunde 19 mwaka 2018. Lakini nyakati hizo zilipatikana na watu ambao kazi yao ilikuwa ni hiyo, njia ikiwa imefungwa kwa umma, mafundi na waokoaji wakiwa tayari. Lauda mwenyewe, mwaka mmoja baada ya kuwa mwepesi kuliko wote, aliwashawishi wenzake wasishindane hapa kwa sababu njia ilikuwa ndefu mno kwa huduma za uokoaji. Walikataa, na tarehe 1 Agosti 1976 gari lake liliwaka moto kabla ya Bergwerk. Waliomtoa ndani ya ndimi za moto walikuwa madereva wenzake wanne. Machi 2015 gari la mashindano liliruka juu ya kingo pale Flugplatz na mtazamaji akafariki. Kama njia inaweza kuwafanyia hivyo wanaolipwa kuijua, basi anayekuja wikendi mbili kwa mwaka, akichangia lami na gari la familia mbele na Porsche nyuma, hana haki ya kuifanya mashindano. Mwenye saa haoni mtu mbele yake, anaona sekunde zinazopotea, na kumpisha wa nyuma kwake ni hasara. Heshima kwa wengine barabarani huanza pale mtu anapokuwa hana cha kupoteza kwa kuachia njia.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa anayejiandaa kwenda ni jepesi kulifanya. Usiku kabla ya safari achukue karatasi, aandike njia nzima kutoka kichwani, kuanzia Hatzenbach hadi Döttinger Höhe: jina la kona, upande wake, kama inaonekana au imejificha, na mahali breki inapoanzia. Kalamu itasimama mahali fulani. Kwa wengi itasimama ndani ya Wippermann, ambako kona zinafanana na miti inafanana. Palipokwama kalamu ndipo kesho yake pa kuondoa mguu kwenye mafuta, hata kama aliye nyuma anawasha taa. Jioni aandike tena. Kalamu ikifika mbali kuliko jana, siku imekwenda vizuri.