Je, Kumwona Mwanasaikolojia ni Kukosa Imani?



Leo tufikiri juu ya jambo linalowasumbua Wakristo wengi. Mama amemzika mtoto wake. Miezi inapita, usiku hapati usingizi, chakula hakitaki, wala hataki kuonana na watu. Wenzake kanisani humwambia, "Dada, ongeza maombi." Mmoja akitaja mwanasaikolojia, wengine hushtuka: "Kwani ameingiwa na wazimu?"

Sivyo, wapenzi. Mwanasaikolojia ni mtu aliyejifunza chuo kikuu jinsi mawazo, hisia na matendo ya mwanadamu yanavyohusiana. Anayehudumia wagonjwa kwa kawaida huendelea hadi shahada ya pili, tena hufanya mazoezi chini ya uangalizi wa waliomtangulia. Kazi yake ni kusikiliza, kupima, na kumsaidia mtu hatua kwa hatua, huku akitunza siri zake. Dawa haandiki. Hiyo ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili, ambaye husomea udaktari kwanza. Mara nyingi wawili hao hushirikiana.

Lakini si kila atundikaye kibao mlangoni ni mtaalamu. Hapa Kenya, sheria ya mwaka 2014 iliunda Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia, ili iwasajili na kuwapa leseni. Basi usione haya kuuliza: "Umesomea wapi? Leseni yako iko wapi?" Mtaalamu wa kweli hachukizwi na swali hilo.

Biblia yasemaje? Soma 1 Wafalme sura ya 19. Nabii Eliya alichoka hata akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akaja tena mara ya pili. Ndipo Eliya akapata nguvu za kwenda Horebu, na huko Mungu akasema naye. Luka naye alikuwa tabibu, wala Paulo hakumwona kuwa adui wa imani.

Kwa hiyo tuendelee kumwombea mama yule, na pia tumsindikize kwa mtaalamu. Na mtu akisema anataka kujiua, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku iyo hiyo.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemlisha Eliya jangwani, utufundishe kuwahudumia waliovunjika moyo kwa maombi na kwa hekima. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.