Asiyejua mpira akae golini

Nshamba, mkoani Kagera, tulikuwa na sheria moja ya chandimu isiyoandikwa popote: asiyejua mpira akae golini. Mimi nilikaa miaka minne. Mpira wenyewe ulikuwa wa majani makavu ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba za mgomba huohuo, na mvua za Muleba zikiushukia unalowa na kuwa mzito kama jiwe la kusagia. Ukikupata kifuani, unakaa chini kwanza ndipo unauliza kama ni bao. Ujuzi kidogo nilionao niliupata Novemba, msimu wa senene. Aliyewahi kudaka senene wa jioni anajua kuwa kazi ni ya macho. Mkono unatumwa tu.

Juzi kijana mmoja wa bodaboda alinionyesha kwenye simu golikipa wa hoki ya barafu, kajifunga vitu kama magodoro miguuni, kinyago usoni.

"Mzee, na huyu ni kipa?"

Ni kipa, tena wa kazi. Anachokizuia ni kisahani cha mpira mgumu cha gramu kama 170, kinachoweza kuja kwa kasi ya zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Lango lake ni dogo, mita 1.83 kwa 1.22, lakini hicho kisahani kikikukuta uso mtupu utasimulia. Na walidaka uso mtupu miaka mingi! Tarehe 1 Novemba 1959, mjini New York, shuti la Andy Bathgate lilimchana usoni Jacques Plante wa Montreal. Akashonwa, akagoma kurudi bila kinyago. Kocha wake hakukipenda kinyago hicho, ila angefanyaje? Siku hizo timu hazikuwa na kipa wa akiba.

Siku hizi akiba wapo, na hapo ndipo penye uchungu wa ajira hii. Winga akikosa namba kulia atajaribiwa kushoto. Kipa namba mbili hana pa kuhamia: anasubiri mwenzake aumie au aboronge, huku akimpigia makofi.

Kwetu, aliyeyaonja yote ni Juma Kaseja, mtoto wa Kigoma. Mwaka 2003, Simba walipowang'oa mabingwa wa Afrika, Zamalek, kwa penalti 3-2 kulekule Cairo, yeye ndiye aliyekuwa golini. Akawa Tanzania One, kipa namba moja wa taifa. Kisha kocha Mbrazili Marcio Maximo akamweka kando Taifa Stars, mashabiki wakalalamika hadi wakachoka. Desemba 2013 alidaka Yanga wakifungwa 3-1 na Simba, na lawama zote akatwishwa yeye. Wengi walimhesabu kuwa kaisha.

Aliibukia kwetu, Kagera Sugar. Mei 2018, siku Simba wanakabidhiwa kombe mbele ya Rais Magufuli, walikuwa hawajapoteza mchezo hata mmoja wa ligi. Mchezo wao wa siku hiyo na Kagera niliutazama Nshamba, kwenye kibanda kilichojaa jezi nyekundu. Edward Christopher akafunga kwa Kagera mpira ukielekea mwisho, kibanda kikanuna. Muda wa nyongeza, penalti ya Simba! Watu wakasimama. Mganda Emmanuel Okwi akapiga, Kaseja akaipangua. Nilijikuta nimekumbatiwa na mtu nisiyemjua, ananuka rubisi, analia kwa Kihaya.

Mwaka 2019, akiwa KMC na umri wa miaka 34, Stars ikamrudisha. Agosti, Kasarani, Kenya wakatolewa kwa matuta 4-1. Septemba, Dar es Salaam, ikawa zamu ya Burundi: 3-0, hawakutia wavuni hata moja. Mpira wa miguu umejaa watu wa kufunga. Mtu wa kumwachia lango saa ya matuta hutafutwa hata akiwa amesahauliwa.

"Sasa hivi yuko wapi?" kijana akauliza.

Nikamwambia kuwa amekuwa kocha, na mwaka 2025 Kagera Sugar iliposhuka daraja alikuwa yeye benchini. Kijana akatikisa kichwa. Kipa akishakuwa kocha, mpira unapita mbele yake na mikono hairuhusiwi tena kuugusa.

"Nairobi nako wanayo hii ya barafu," nikaongeza, "kwenye hoteli ya Panari."

"Barafu ya Nairobi inatoka wapi, mzee?"

Kabla sijamjibu, mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi akamwita. Akaitia simu mfukoni ikiwa inacheza, kipa wa watu bado kapiga magoti.