Kaye ya Hesabu na Siku ya Kupumzika

Masomo: Kutoka 18:13-23, 1 Wafalme 19:3-8, 2 Wakorintho 8:20-21



Hapa Goma watu wengi hawana bosi. Kuna mama wa vitenge katika soko la Virunga, kijana wa moto, fundi wa cherehani kule Katindo, muuza samaki wa Kituku, na mwenye butiki ndogo ya Birere. Mwaka 2025 hesabu yao iliongezeka. Vita vilifika ndani ya mji mwisho wa mwezi wa kwanza, benki zikafunga milango, na mwaka huohuo Marekani ikakata misaada iliyokuwa ikilipa mishahara mingi ya mashirika. Baba aliyezoea kupokea mshahara akajikuta anauza unga mbele ya nyumba yake. Ndiyo ile tunayoita kwa utani "artikle ya 15": kila mtu ajitafutie.

Kujitafutia si aibu. Mtume Paulo alishona mahema. Lakini tunaona katika makanisa yetu ndugu wanaochoka kwa namna ambayo usingizi wa usiku mmoja hauiponyi. Wengine wanaambiwa wamepungua imani. Wengine wanajiambia hivyo wenyewe. Leo tuseme wazi uchovu huu ni nini, unatoka wapi, na kwa nini kaye ya hesabu na mhasibu mwema vinaweza kuwa sehemu ya dawa yake.

1. Uchovu huu ni nini?

Mwaka 1974 daktari wa nafsi wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya watu aliofanya nao kazi katika kliniki ya bure. Walikuwa wenye moyo mkubwa, waliotaka kusaidia wengine, na ndio waliokuwa wakiishiwa kabisa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hali hii inatokana na mkazo wa kazi uliodumu bila kushughulikiwa, na likataja alama tatu. Ya kwanza, nguvu zimekwisha. Ya pili, moyo umejitenga na kazi: unawachukia wateja, unajibu kwa ukali, hakuna kinachokufurahisha. Ya tatu, unaona kwamba kazi unayoifanya haifai tena kitu. Shirika hilo haliuiti ugonjwa. Linauita jambo la kazini. Maana yake, haitoshi kumtibu mtu na kumrudisha katika kazi ileile, kwa namna ileile.

Tazameni Eliya. Alitoka Karmeli akiwa ameshinda, kisha akakaa chini ya mti jangwani akaomba afe. Bwana hakumkaripia wala hakumwongezea mfungo. Malaika alimpa mkate na maji, akalala. Akaamshwa, akapewa tena. Maswali yalikuja baadaye, kule Horebu. Mungu alianza na mwili wa mtumishi wake.

Hata hivyo, tuwe na busara. Wengi wetu tumebeba pia machungu ya vita na ya kukimbia makwao. Kama hulali kwa majuma mengi, kama mawazo ya kufa yanakurudia, au unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usingoje. Nenda kwa muganga hospitalini. Tunaomba pamoja nawe, na dawa unakunywa. Moja haliharibu lingine.

2. Kwa nini asiye na bosi anachoka zaidi?

Musa alikaa kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni. Mkwewe Yethro alipoona hayo hakumsifu kwa bidii. Alimwambia kwamba jambo hilo si jema, kwa sababu atachoka yeye na watu walio pamoja naye. Kisha akampa mpango: chagua watu, uwape sehemu, ubaki na yale makubwa.

Anayejitumikia ni Musa wa biashara yake. Yeye ananunua, yeye anauza, yeye anadai madeni, na yeye anahesabu usiku kwa taa ya simu. Hakuna saa ya kufunga. Siku ya Jumapili anakaa ibadani, lakini moyo uko mezani pake sokoni.

Juu ya hayo yote kuna sababu moja inayojificha: hajui kama anapata au anapoteza. Pesa ya biashara na pesa ya nyumba zinakaa katika mfuko mmoja. Asiyejua hesabu yake hawezi kupumzika, maana hajui kama siku moja ya kupumzika itamwangusha. Basi anaongeza saa kwa sababu ya woga. Zaburi ya 127 inatufundisha kwamba kuongeza saa za usiku si kuongeza baraka.

3. Mfano wa mama wa vitenge

Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aweke zake.

Mama amenunua vitenge 40 kwa dola 8 kila kimoja. Hiyo ni dola 320. Kwa mwezi mmoja ameviuza vyote kwa dola 10, yaani dola 400. Faida ya juu ni dola 80. Aondoe dola 35 za mahali, usafiri, ushuru wa soko na makato ya kutuma pesa kwa simu. Zinabaki dola 45. Amefanya kazi siku 30 bila kupumzika.

Lakini vitenge 6 alivitoa kwa deni, kwa jirani na kwa wakwe, na havijalipwa. Kwa hiyo mkononi hana dola 400, ana 340. Alizotoa ni 320 na 35, jumla 355. Mwezi umekwisha na mfuko umepungua dola 15. Anajiambia: "Siuzi vya kutosha, lazima nianze kufungua saa kumi na moja asubuhi."

Sasa tuhesabu siku ya kupumzika. Akifunga siku 4 kwa mwezi, na hata kama wateja wa siku hizo wote wangepotea, angekosa faida kama dola 11 hivi. Madeni yamemfungia dola 60. Kinachomwangusha mama huyu ni madeni yasiyoandikwa. Siku ya Bwana haimwangushi. Akikusanya nusu tu ya madeni hayo, anapata dola 30, karibu mara tatu ya pesa aliyoogopa kupoteza kwa kupumzika.

Hayo yote yalionekana katika ukurasa mmoja wa kaye. Bila kaye, angeendelea kuamka mapema mpaka aanguke.

4. Kaye ya namna gani?

Luka 14:28 inamtaja mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Neno la kushika ni "kuketi". Tenga nusu saa kila jioni ya Jumamosi.

Andika tarehe, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka, na sababu. Kwa kuwa tunatumia faranga na dola, weka safu mbili na uandike bei ya kubadilisha ya siku ile. Madeni yawe na ukurasa wake, jina na siku ya kulipa. Jipangie posho yako ya juma, hata kama ni ndogo. Ukitoa zaidi kwa ajili ya nyumba, andika. Mfuko wa biashara uwe wake peke yake.

Nchi yetu iliingia katika sheria za biashara za OHADA tarehe 12 mwezi wa tisa 2012. Sheria hizo zinawapa wafanyabiashara wadogo mpango rahisi wa hesabu, unaosimama juu ya pesa iliyoingia na iliyotoka. Zinadai pia vitabu na hati zake vihifadhiwe miaka 10. Sisi wa Goma tunajua shida ya kuhifadhi karatasi: Nyiragongo ilishuka tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, na tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021, na vita vimetukimbiza zaidi ya mara moja. Piga picha za kurasa kwa simu kila mwezi, uzitume kwa mtu mwaminifu aliye mahali pengine.

5. Je, unahitaji mhasibu?

Si kila mtu. Mwenye meza moja sokoni anahitaji kaye, kalamu, na labda mtoto wa shule wa kumsaidia kujumlisha. Lakini ukianza kuajiri watu, ukiwa na mshirika, ukiandikisha biashara katika rejista ya biashara, ukitangaza kodi, au ukitafuta soko kwa mashirika, tafuta mtu wa hesabu. Si lazima umlipe kila siku. Siku moja au mbili kwa mwezi zinaweza kutosha.

Hapo ndipo waamini wengi wanakosea. Wanasema: "Ni ndugu yetu, anaimba koro, anaomba vizuri." Yuda alikuwa karibu na Yesu kuliko mwimbaji yeyote, na ndiye aliyeshika mfuko. Yohana 12:6 inasema alichokuwa akifanya nao. Paulo, aliyekuwa mtume, alipopeleka sadaka ya makanisa hakutembea nayo peke yake. Aliwaweka ndugu waliojaribiwa, ili mambo yawe safi mbele za Mungu na mbele ya watu pia.

Hekima hii wamama wetu wanayo tayari. Sanduku la AVEC lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Hakuna anayesema kufuli ni tusi kwa mwenye sanduku. Basi mhasibu naye apimwe hivi:

Kwanza, uliza amefanya kazi na nani, kisha nenda wewe mwenyewe ukawaulize wawili kati yao.

Pili, jua cheo chake. Sheria ya tarehe 12 mwezi wa pili 2015 iliunda Baraza la taifa la wataalamu wa hesabu, ONEC. Anayejiita "expert-comptable" lazima awe ameandikwa katika orodha yake. Muombe namba, uihakikishe. Mhasibu wa kawaida mwenye diploma anaweza kukufaa kwa biashara ndogo, mradi asijipe cheo asicho nacho.

Tatu, andikeni mapatano: atafanya nini, lini, kwa malipo gani. Malipo yajulikane mapema. Usimlipe kwa sehemu ya kodi "atakayokupunguzia".

Nne, anayeandika pesa asishike pesa. Namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money ibaki kwako. Kodi ikilipwa, uone hati ya malipo yenye jina la biashara yako. Neno la mdomo halitoshi.

Tano, mkatae anayekuahidi vitabu viwili, kimoja cha kweli na kingine cha kuonyesha wakaguzi. Atakayedanganya kwa ajili yako leo, kesho atakudanganya wewe.

Sita, akueleze mpaka uelewe. Kama huwezi kurudi nyumbani ukamweleza mwenzi wako hali ya biashara, rudi umuulize tena. Na karatasi zote ni zako. Ukiachana naye, azirudishe.

Akiwa ndugu wa kanisa, vipimo ni vilevile. Vinamlinda yeye pia, maana penye maandishi masengenyo hayapati chakula.

6. Kwa viongozi na kwa nyumba zetu

Makanisa yasimwite mvivu mtu aliyeishiwa nguvu. Dada aliyetumika juma zima sokoni, akakesha usiku wa Ijumaa, na Jumapili anapika chakula cha wageni, anahitaji Yethro wa kumwambia "jambo hili si jema". Bwana Yesu mwenyewe, katika Marko 6:31, aliwaita wanafunzi mahali pa faragha wapumzike, na umati ulikuwa bado unakuja.

Nyumbani, bibi na bwana wagawane kazi. Saa ya kufunga ijulikane. Simu ya biashara ilale mbali na kitanda. Anayekaa butiki kwa niaba yako, mfundishe kuandika, ili usiogope kuondoka.

Kazi ya juma hili ni moja. Nunua kaye. Jumamosi jioni andika madeni yote unayowadai watu, jina kwa jina, ujumlishe. Kisha chagua siku moja ya kupumzika, uwaambie wateja wako mapema. Katika vikundi vya maombi, mjadili swali hili: ni sehemu gani ya mzigo wangu ambayo mtu mwingine angeweza kuibeba?

Tuombe: Bwana, wewe uliyemlisha Eliya alipochoka, utulishe na sisi. Tupe kuhesabu kwa kweli, kuchagua watu waaminifu, na kulala bila woga. Linda mikono inayotafuta mkate katika mji huu. Katika jina la Yesu, amina.