Safari ya Krismasi kwenda Disney: Gharama isiyoandikwa kwenye tiketi

KILA mwaka shule za Marekani zinapofungwa kwa ajili ya Krismasi na Mwaka Mpya, maelfu ya familia hupakia masanduku, mito na vitafunwa ndani ya magari yao na kushika barabara za kuelekea kusini. Wengi wao wana mwisho mmoja wa safari: Walt Disney World, eneo kubwa la bustani za burudani lililo karibu na mji wa Orlando, katika jimbo la Florida.

Miongoni mwao zimo pia familia za Watanzania, Wakenya na Wakongo wanaoishi katika miji kama Atlanta, Columbus na Washington, ambazo watoto wao humjua panya Mickey kabla ya kumjua Sungura wa hadithi za bibi.

Kwa anayetazama kwa mbali, safari hiyo ni starehe tupu. Ukweli ni kwamba ina gharama za aina tatu: fedha, muda na usingizi. Fedha huonekana kwenye tiketi, na muda huonekana kwenye foleni. Usingizi ndio usiosemwa, ingawa ndio unaoweza kugharimu maisha.

Barabara ilitangulia bustani

Si ajabu kwamba wageni wengi hufika Disney kwa gari, kwa kuwa bustani yenyewe ilichaguliwa mahali pake kwa sababu ya barabara.

Mwaka 1956 Rais Dwight Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu za kuunganisha majimbo, uliopangwa kuwa na urefu wa maili 41,000, sawa na kilomita 66,000 hivi. Miaka 7 baadaye, Novemba 1963, Walt Disney aliruka kwa ndege juu ya Florida ya kati akitafuta ardhi. Kilichomvutia ni mahali ambapo barabara kuu namba 4, yaani I-4, ilikuwa ikikutana na barabara ya kulipia ya Florida.

Kampuni yake ilinunua kwa siri zaidi ya ekari 27,000 za vinamasi na machungani. Disney mwenyewe alifariki dunia Desemba 1966 bila kuyaona matunda ya kazi hiyo, na kaka yake, Roy, ndiye aliyeifungua bustani ya kwanza, Magic Kingdom, Oktoba 1, 1971.

Tatizo la msimu wa sikukuu lilijitokeza mwaka huo huo. Siku iliyofuata Sikukuu ya Shukrani, Novemba 1971, magari yalifurika kiasi kwamba foleni ilienea maili kadhaa katika barabara ya I-4, na wapo waliogeuza na kurudi walikotoka.

Tangu hapo zimeongezwa bustani nyingine 3: Epcot mwaka 1982, ile inayoitwa leo Hollywood Studios mwaka 1989, na Animal Kingdom mwaka 1998. Nafasi imeongezeka, lakini likizo za shule zimebaki pale pale, na kila familia inataka siku zile zile.

Kwa nini gari?

AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilikadiria kuwa watu milioni 119.3 wangesafiri umbali wa maili 50 au zaidi kati ya Desemba 21, 2024 na Januari 1, 2025. Kati yao, milioni 107 walitarajiwa kwenda kwa gari.

Sababu kubwa ni hesabu ya kawaida ya nyumbani. Ndege hutoza kila abiria, na nauli hupanda msimu huo. Gari hutumia mafuta karibu yale yale, liwe limebeba watu 2 au 5.

Kutoka New York hadi Orlando ni maili 1,080 hivi, zaidi ya kilomita 1,700. Gari linalokwenda maili 25 kwa galoni moja litahitaji galoni zipatazo 43. Kwa bei ya dola 3 kwa galoni, hiyo ni takriban dola 130 kwa safari ya kwenda, kwa familia nzima.

Hata hivyo, umbali huo ni mrefu kuliko wa kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba. Huchukua saa 16 au 17 za kuendesha, bila kuhesabu vituo vya mafuta, chakula na choo. Anayetoka Atlanta ana nafuu: kilomita 700 hivi, zaidi kidogo ya Dar es Salaam hadi Arusha.

Deni la usingizi

Ni hapa ambapo hesabu ya familia nyingi hupotoka. Ili kukwepa malipo ya hoteli njiani na foleni za mchana, wazazi huamua kuondoka jioni baada ya kazi na kuendesha usiku kucha, watoto wakiwa wamelala viti vya nyuma.

Wataalamu wa usalama barabarani wanaeleza kuwa mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo huwa na upungufu wa umakini unaolingana na wa mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Akifikisha saa 24, hulingana na mwenye asilimia 0.10. Katika karibu majimbo yote ya Marekani, dereva mwenye asilimia 0.08 anahesabiwa kuwa amelewa.

Tuseme baba ameamka saa 12 asubuhi, akashinda kazini, kisha akaondoka na familia yake saa 2 usiku. Ifikapo saa 5 usiku atakuwa ametimiza saa 17 bila kulala, na bado ana usiku mzima mbele yake. Kukipambazuka, yule aliyeshika usukani atakuwa katika hali mbaya kuliko mlevi ambaye polisi wangemshusha garini, ingawa hajaonja hata tone la pombe.

Kahawa, muziki na kufungua dirisha haviwezi kulipa deni hilo. Dawa yake ni kulala, au kumkabidhi usukani dereva mwingine aliyelala kweli. Ushauri wa kawaida ni kusimama kila baada ya saa 2 hivi, na kuigawa safari ndefu katika siku 2. Fedha ya hoteli ya usiku mmoja njiani isihesabiwe kuwa ya anasa.

Aidha, sheria za watoto garini hubadilika kila mpaka wa jimbo unapovukwa. Florida inataka mtoto wa miaka 5 na chini awe katika kiti maalumu, ilhali Georgia, ambayo wasafiri wengi wa kutoka kaskazini huipitia, inadai hivyo kwa mtoto wa chini ya miaka 8. Njia salama ni kufuata sheria iliyo kali zaidi tangu mwanzo wa safari.

Bei hufuata kalenda

Mwaka 1971 mtu mzima aliingia Magic Kingdom kwa dola 3.50, kisha akalipia vyombo vya michezo kwa tiketi za ziada. Leo tiketi moja inafungua karibu kila kitu, lakini bei yake hutegemea tarehe. Utaratibu huo ulianza kwa tiketi za siku moja mwaka 2016, na mwaka 2018 ukaenea kwa tiketi nyingine.

Mwishoni mwa Desemba 2025 tiketi ya siku moja ya Magic Kingdom ilifikia dola 199. Kwa familia ya watu 4, wote wakiwa wamefikisha miaka 10, hiyo ni dola 796 kabla ya kodi, na hapo hakuna aliyekula wala kulala. Watoto wa miaka 3 hadi 9 hulipa pungufu kidogo, na walio chini ya miaka 3 huingia bure.

Kwa maneno mengine, kinachouzwa mlangoni ni siku. Kampuni inajua kuwa kalenda ya shule haimpi mzazi uhuru wa kuchagua, na bei hupangwa kwa kuzingatia hilo.

Foleni nayo inauzwa

Mwenye tiketi bado hajamaliza kulipa. Katika wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya, foleni ya mchezo mmoja unaopendwa inaweza kuchukua saa 2 au zaidi, kwa raha ya dakika 3 au 4.

Mwaka 1999 Disney ilianzisha mpango uliomwezesha mgeni kuchukua bure karatasi yenye muda wa kurudi, ili asisimame foleni. Mwaka 2021 mpango wa bure ulikoma na nafasi yake ikachukuliwa na huduma ya kulipia. Tangu Julai 2024 huduma hiyo inaitwa Lightning Lane Multi Pass, na bei yake nayo hupanda na kushuka kwa tarehe.

Wanaolala katika hoteli za Disney huruhusiwa kuinunua siku 7 kabla ya kuwasili, na wengine siku 3 kabla. Pasi ya juu kabisa, iliyoanzishwa Oktoba 2024, ilipangiwa bei ya hadi dola 449 kwa mtu mmoja kwa siku moja ndani ya Magic Kingdom.

Asiye na fedha hizo ana silaha moja: kuwahi. Saa ya kwanza baada ya milango kufunguliwa ndiyo yenye foleni fupi. Lakini atakayewahi ni yule aliyelala vizuri, na hapo usingizi unarudi tena katika hesabu.

Wazazi wanapaswa pia kuwapima watoto urefu kabla ya kuondoka nyumbani. Space Mountain, garimoshi la kasi linalokimbia gizani, linataka abiria wa sentimita 112 au zaidi. Lile la vijeba 7 wa Snow White linataka sentimita 97. Mtoto aliyeahidiwa kwa miezi kadhaa kisha akakataliwa mlangoni hana wa kumlaumu isipokuwa mzazi wake. Mdogo asiyefikia kipimo hubaki na mzazi mmoja, kisha wazazi hubadilishana bila yule wa pili kupanga foleni upya.

Kiswahili ndani ya Florida

Kwa wasomaji wa Kiswahili, bustani ya Animal Kingdom ina jambo la kuchekesha na la kufikirisha. Ndani yake kipo kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, kilichojengwa kwa kuiga miji ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, hususan Lamu. Msomaji atalitambua neno Harambee lililopungukiwa irabu moja. Kutoka hapo malori huwabeba wageni kwenda kuwaona twiga, simba na tembo katika ziara iitwayo Kilimanjaro Safaris.

Hoteli ya jirani, iliyofunguliwa mwaka 2001, ina migahawa ya Jiko na Boma. Mahali pa kukandwa mwili na kufanya mazoezi panaitwa Zahanati, ingawa mgonjwa wa malaria asingepata dawa pale. Aliyeweka nafasi ya chakula hapo anaweza kufika bila tiketi ya bustani, jambo linalozipa familia jioni yenye gharama ndogo kuliko siku nyingine ya mlangoni.

Namna ya kupunguza mzigo

Familia yenye watoto ambao hawajaanza shule haina sababu ya kwenda wiki ya Krismasi. Mapambo ya sikukuu huwa tayari tangu Novemba, na wiki 2 za mwanzo za Desemba huwa na nafuu ya bei na ya watu.

Ikumbukwe kuwa kuanzia Novemba hadi siku chache kabla ya Krismasi, Magic Kingdom huwa na tafrija za jioni zenye tiketi yake tofauti. Siku hizo mwenye tiketi ya kawaida hutakiwa kuondoka saa 12 jioni, hivyo ratiba isomwe kabla ya kununua.

Chakula na maji huruhusiwa kuingizwa bustanini, mradi pasiwepo chupa za vioo wala pombe. Mikate, matunda na chupa ya maji kwa kila mtu hupunguza gharama kuliko jambo lolote jingine lililo mikononi mwa mzazi. Sweta nayo isisahaulike, kwani Desemba ya Orlando huweza kuanza asubuhi na nyuzi 10 na kufika 22 mchana.

Mwisho ni safari ya kurudi. Familia nyingi hutaka kuibana siku ya mwisho: kucheza hadi fataki za usiku, kisha kuingia garini kuelekea nyumbani ili kuwahi kazi na shule. Dereva huyo amesimama na kutembea tangu alfajiri. Kama kuna usiku mmoja wa hoteli ambao haufai kufutwa kwenye bajeti, ni huo.