Kutoka Butembo hadi Fort Portal na mbwa: nani atakupa chumba?

Gari linapatikana. Barabara, hata ikiwa na vumbi na vizuizi, inapitika. Shida ya mtu anayesafiri na mbwa katika milima yetu huanza jua likizama, anaposimama kwenye mapokezi ya hoteli akiwa na kamba mkononi. Kijana wa mapokezi anamtazama mbwa, anatazama mlango, kisha anasema vyumba vimejaa, na huku funguo zinaning'inia ukutani nyuma yake.

Kila mwenye hoteli ana sababu yake, na kabla ya kumlaumu ni vizuri kuijua. Tuchukue njia inayopitwa na wafanyabiashara na familia nyingi za Grand Nord: Butembo, Beni, Kasindi, kisha Mpondwe upande wa Uganda, Kasese na Fort Portal. Ni safari ya kushuka na kupanda. Unaacha baridi ya Butembo, unateremka hadi joto la bonde la Semuliki na jirani ya Ziwa Edouard, halafu unapanda tena ukiwa umezunguka mguu wa Ruwenzori, mlima ambao kilele chake cha Margherita kina mita 5.109. Butembo hadi Beni ni kilometa 54, Beni hadi Kasindi 80. Ni barabara hizi mbili zilizokuwa ndani ya mradi ambao marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni waliuzindua mpakani Mpondwe mwezi wa Juni 2021.

Kilometa ni chache, lakini muda haupimwi kwa kilometa. Kipande cha Beni–Kasindi kimeona mashambulio mengi ya waasi wa ADF, na mara nyingi magari yamepita huko kwa msafara chini ya ulinzi wa wanajeshi. Kwanza uliza hali ya barabara siku ile ile unayotaka kuondoka, na usafiri mchana tu. Halafu hesabu kwamba unaweza kusubiri msafara saa nyingi juani. Mtu atashuka anunue maji. Mbwa aliyefungiwa ndani ya gari lenye vioo vilivyopandishwa anaweza kufa, maana joto la ndani hupanda kwa dakika chache tu, na yeye hatoi jasho mwilini kama sisi. Anapoa kwa kuhema, na akihema hewa ya moto hapoi. Basi beba kidumu cha maji na bakuli, na usimlishe asubuhi ya safari, la sivyo kona za milima zitamfanya atapike juu ya mizigo ya wenzako.

Kwa sababu hiyo wengi hujikuta wakilala Beni au Kasindi bila kupanga. Na hapo ndipo mlango wa hoteli unapokuwa mgumu.

Mwenye hoteli anaogopa kwanza kichaa cha mbwa, na hakosei. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba ugonjwa huo unaua watu karibu 59.000 kila mwaka, wengi kabisa Afrika na Asia, na karibu wote waliumwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, hakuna dawa ya kumrudisha. Mtu wa mapokezi hawezi kujua kama mbwa wako ni mpole, na neno lako halimlindi. Kinachomlinda ni karatasi.

Ndiyo maana kadi ya chanjo ndiyo inayofungua mlango kuliko dola. Iwe na jina la mbwa, rangi yake, tarehe ya sindano, nambari ya chupa ya chanjo, sahihi na muhuri wa mganga wa mifugo. Mbwa huchanjwa tangu miezi mitatu, na sindano ya kwanza inahitaji siku 21 hivi ili kinga yake ihesabiwe. Kwa hiyo anayechanja Jumatatu ili asafiri Jumatano amepata muhuri tu. Uliza pia chanjo ilihifadhiwa wapi: inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na katika miji yetu, ambako umeme huenda na kurudi unavyotaka, friji bila jenereta wala sola si friji ya chanjo. Mganga mzuri hatakasirika ukimwuliza.

Hofu ya pili ni uchafu: manyoya kwenye blanketi, mkojo kwenye vigae, kucha kwenye mlango mpya wa mbao. Hofu hii ina dawa, nayo ni kupiga simu mapema na kusema ukweli wote: mbwa ni mkubwa kiasi gani, analala wapi, anabweka au habweki. Beba mkeka wake au gunia safi, usiguse taulo za hoteli, na ujitolee kuweka amana ya dola chache ambayo utarudishiwa asubuhi baada ya chumba kukaguliwa. Wenye hoteli wengi hulainika wakisikia neno amana kabla hawajaliomba wenyewe. Usimwache peke yake chumbani ukienda kula. Mbwa aliye mahali pageni atabweka mpaka jirani ashuke kulalamika, na hapo utafukuzwa usiku wa manane.

Chagua pia nyumba yenyewe. Jengo la ghorofa lenye ushoroba mmoja ni balaa, kwa maana kila mgeni anayepita anaamsha kelele. Vyumba vilivyopangwa chini, kila kimoja na mlango wake unaofunguka uani, ndivyo vinavyofaa. Prokure na nyumba za wageni za misheni mara nyingi zina ua mpana wa namna hiyo. Lakini kuna swali moja ambalo wasafiri husahau, nalo ni muhimu kuliko bei: santineli wa hapa anafungulia mbwa wake saa ngapi? Mapaseli mengi makubwa huachia mbwa wa ulinzi usiku. Ukimtoa wako ajisaidie saa nne bila kujua, utaona vita ambavyo hakuna amana itakayolipa.

Kuna pia mlango ambao hautafunguka, na hapo heshima inatosha. Kwa Waislamu wengi wa eneo hili, wanaofuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mwenye nyumba wa namna hiyo akikuambia mbwa asiingie ndani, hakuchukii. Mwombe kibanda cha nje au kona ya gereji. Wengine watakupa hata kamba na maji.

Na tafadhali, jina. Kwetu watu hupenda kumpa mbwa jina lenye ujumbe kwa jirani: Sijali, Wivu, Mtasema Mchoke. Nyumbani linachekesha. Jaribu kuliita kwa sauti kubwa usiku, kwenye ua wa hoteli ambamo hakuna anayekujua.

Mpakani Kasindi mambo yanakuwa ya serikali. Upande wetu kuna huduma ya karantini ya wanyama na mimea, SQAV, na cheti cha afya cha mnyama hutafutwa kabla ya safari kwa mganga wa mifugo wa serikali. Upande wa Uganda, kibali cha kuingiza mnyama hutoka kwa wizara ya kilimo na mifugo, yenye makao yake Entebbe, nacho kinaombwa mapema. Wapo wanaopitisha mbwa bila karatasi yoyote, hilo tunalijua. Lakini mbwa huyo huyo akimwuma mtoto Bwera, mwenye mbwa hana cha kuonyesha, na familia ya mtoto haina namna ya kujua kama alichanjwa. Popote litakapotokea jambo hilo, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aliyeumwa akimbizwe kwenye kituo cha afya apate chanjo, hata kama kidonda ni kidogo.

Ukishavuka, unasogeza saa mbele kwa saa moja na gari linahamia mkono wa kushoto. Shofa mpya ana mengi ya kufikiria hapo, basi mbwa awe amefungwa nyuma, asirukerukie mapajani.

Barabara ya Bwera inakutana na ile ya Kasese pale Kikorongo, ndani ya eneo la mbuga ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa 1952. Kuna nyumba nzuri za kulala huko, zenye mandhari ya kuvutia macho. Usipoteze muda kuzipigia simu: katika mbuga za taifa mbwa wa nyumbani haruhusiwi, na kwetu Virunga ni vile vile. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, uliohusishwa na mbwa wa vijijini, uliua karibu thuluthi moja ya simba wa Serengeti. Mbwa utakaowasikia Virunga ni wa kazi: tangu 2011 walinzi wa mbuga wanao mbwa wa kunusa kwa ajili ya kufuata nyayo za majangili.

Kwa hiyo endelea hadi mjini Kasese, au bora zaidi Fort Portal, ambako hewa ya mlima inarudi na mbwa analala bila kuhema. Huko kuna nyumba nyingi ndogo zenye bustani, na mwenyewe yupo hapo hapo, unaongea naye ana kwa ana. Wasafiri wengi wa Butembo wana njia nyingine tena: ndugu. Wanande wa kwetu na Wakonzo wa Kasese ni watu wamoja waliokatwa na mpaka, na shangazi hakatai mgeni. Anaweza kukataa mbwa wa mgeni, hasa akiwa na kuku wanaotembea uani. Mpigie naye simu.

Siku ya kurudi, kabla ya kupakia mizigo, mkague mbwa kwenye masikio, kwapani na katikati ya vidole. Bonde lina kupe, na katika maeneo ya mbuga kuna mbung'o pia. Akifika Butembo akaanza kukonda, kuwa na homa au macho yake kufunikwa na ukungu mweupe, usingoje wiki ipite: mpeleke kwa mganga wa mifugo na umwambie alipita wapi.