Kontena Limechelewa, Fedha Zimelipwa: Suluhu Kabla ya Mahakama

Tuseme mwenye duka wa Leicester amemlipa wakala wa mizigo pauni 8,000, bidhaa zifike Dar es Salaam kabla ya Ramadhani. Zinafika baada ya Idi, nyingine zimevunjika. Wakala anailaumu bandari, mteja anataka fedha zake. Hawa ni watu wanaokutana misibani na harusini, na kesi ikifunguliwa hata ndugu zao watalazimika kuchagua upande.

Kesi yenyewe haina faida kubwa. Kwa Uingereza na Wales, dai lisilozidi pauni 10,000 kwa kawaida huingia katika utaratibu wa madai madogo. Huko mshindi hurudishiwa ada ya mahakama, lakini fedha alizomlipa wakili kwa kawaida hazirudi.

Kwa hiyo anza na barua. Eleza mlichokubaliana, kilichoharibika na kiasi unachodai. Ambatanisha risiti, picha na ujumbe wa WhatsApp wenye tarehe. Kama jambo si tata, siku 14 za kujibu zinatosha. Ukiwa tayari kupunguza dai, liweke pendekezo hilo katika barua ya peke yake na useme wazi kuwa ni la kutafuta suluhu, haliathiri haki zako. Kwa kawaida barua ya namna hiyo haitatumiwa dhidi yako mbele ya hakimu.

Barua isipojibiwa, wengi wetu hukimbilia wazee wa jumuiya, na wanafanya vyema. Mzee anayeheshimiwa na pande zote, asiye na udugu na upande wowote, husikilizwa kuliko wakili. Suluhu nyingi za wazee huvunjika kwa sababu moja tu: hakuna aliyeandika. Watu hupeana mikono, hunywa chai, na baada ya miezi miwili kila mmoja anakumbuka lake. Andikeni kiasi, tarehe za malipo, nini kitatokea awamu moja ikirukwa, na kwamba baada ya hapo hakuna atakayemdai mwenzake tena kuhusu mzigo ule. Kisha wote mtie saini. Karatasi hiyo ni mkataba mpya, na atakayeuvunja anaweza kudaiwa kwa huo.

Hata ukifungua kesi, upatanishi utakufuata. Tangu Mei 2024, madai mengi madogo ya fedha yanayopingwa hupelekwa kwanza kwa mpatanishi wa mahakama. Ni bure, kwa simu, kwa muda usiozidi saa moja. Mpatanishi huyo huzungumza na kila upande peke yake na hana mamlaka ya kuamua nani ana haki. Anayekwepa simu hiyo bila sababu anaweza kuadhibiwa na hakimu, hata dai lake likafutwa.

Msijisahau lakini. Muda wa kudai kwa mkataba wa kawaida ni miaka 6 tangu ulipovunjwa, na mazungumzo peke yake hayausimamishi. Mdaiwa mjanja anaweza kukuahidi kila mwezi hadi muda ukaisha.

Kwa anayefanya biashara na mtu aliyeko nyumbani Afrika Mashariki, kinga kubwa huwekwa siku ya kusaini. Weka kifungu kwamba mgogoro utaanza kwa mpatanishi, na upatanishi ukishindikana utaenda kwa mwamuzi binafsi ambaye uamuzi wake ni wa mwisho. Mkataba wa New York wa mwaka 1958 unazitaka nchi wanachama kutambua maamuzi hayo, na sababu za kukataa ni chache. Tanzania ilijiunga mwaka 1964, Uingereza 1975, Kenya 1989 na Uganda 1992, hivyo uamuzi uliotolewa London unaweza kukaziwa Dar es Salaam au Nairobi.

Kifungu hicho kitaje mji wa uamuzi, idadi ya waamuzi, sheria ya nchi gani itatumika, na lugha, ambayo inaweza kabisa kuwa Kiswahili. Mwamuzi hulipwa na wahusika wenyewe, kwa hiyo kwa mzigo wa pauni elfu mbili tatu, mmoja atosha.