Onyo la Kivinjari na Usalama Wako Kwenye Kompyuta ya Steshenari

Huduma nyingi ambazo zamani zilimlazimu mkazi wa Masumbwe kupanda basi kwenda Kahama, Geita au Shinyanga, sasa huombwa kwa njia ya mtandao. Mhitimu wa kidato cha sita huomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mtafuta kazi huwasilisha maombi yake Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mchimbaji mdogo wa dhahabu huomba leseni Tume ya Madini. Wasio na kompyuta nyumbani huketi mbele ya mashine ya steshenari, ambayo watu wengine wengi wameitumia siku hiyo hiyo.

Katika makala haya tunaeleza matatizo ambayo mtumiaji hukutana nayo mara kwa mara kwenye mashine hizo, namna ya kutambua chanzo chake, na hatua za kuchukua ili taarifa zako zisibaki mikononi mwa mtu mwingine.

Onyo kwamba tovuti si salama

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayejaza maombi ya mkopo zikiwa zimebaki siku mbili dirisha la maombi lifungwe. Anaandika anwani sahihi, lakini kivinjari kinamzuia na kumweleza kwamba muunganisho si salama. Mhudumu, kwa nia njema, anambonyezea kitufe cha kuendelea hivyo hivyo. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Kila tovuti salama ina cheti cha utambulisho chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta. Kompyuta nyingi za mezani hutunza saa kwa betri ndogo ya mviringo iliyo ndani yake, kwa kawaida aina ya CR2032. Betri hiyo ikichoka, kila umeme unapokatika saa hurudi nyuma, pengine kwa miaka kadhaa. Kivinjari huona cheti ambacho muda wake bado haujaanza, nacho hukikataa.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza chochote, angalia tarehe iliyo kwenye kona ya kioo. Kisha pambanua hivi:

1. Ikiwa tarehe si sahihi, irekebishe, funga kivinjari na ukifungue upya. Tatizo likijirudia kila umeme unapokatika, mwenye duka abadilishe betri.

2. Ikiwa tarehe ni sahihi na onyo hutokea kwenye tovuti moja tu, usiendelee. Huenda cheti cha tovuti hiyo kimekwisha muda, au umeelekezwa kwenye tovuti bandia. Soma anwani herufi kwa herufi. Tovuti za taasisi za Serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, jina la taasisi likiwa mwanzoni mwa anwani yenye mwisho tofauti, tilia shaka.

3. Ikiwa tarehe ni sahihi na onyo hutokea kwenye kila tovuti, chanzo chaweza kuwa mtandao unaoutumia au programu iliyowekwa kwenye kompyuta hiyo. Jaribu mtandao mwingine au mashine nyingine.

Usiandike nywila wala namba ya kitambulisho cha Taifa kwenye ukurasa ambao kivinjari kimekuonya juu yake. Kumbuka pia kwamba kukosekana kwa onyo hakuthibitishi uaminifu wa mwenye tovuti, kwa kuwa hata tapeli anaweza kupata cheti.

Ukurasa usiofunguka au fomu isiyotumwa

Kivinjari huhifadhi nakala za kurasa ili zifunguke haraka. Nakala hizo zikipitwa na wakati, fomu inaweza kukataa kutumwa. Fungua dirisha fiche kwa kubonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja katika Chrome au Edge; katika Firefox tumia P badala ya N. Fomu ikikubali huko, basi kasoro imo katika data iliyohifadhiwa au katika viendelezi vya kivinjari. Bonyeza Ctrl, Shift na Delete ili kufuta data hiyo. Fomu ikikataa pia huko, huenda mtandao ni dhaifu au mfumo wa taasisi umeelemewa. Subiri na ujaribu tena.

Tangazo kwamba kompyuta ina virusi

Ujumbe unaojitokeza pembeni mwa kioo ukidai kwamba kompyuta ina virusi, na kukutaka upige simu au upakue programu, mara nyingi hutoka kwenye tovuti ambayo mtu aliiruhusu kutuma arifa bila kujua. Usipige simu hiyo wala usipakue kitu. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya faragha na usalama, fungua mipangilio ya tovuti, kisha arifa, na uondoe kila tovuti usiyoitambua.

Kabla ya kuondoka kwenye kiti

Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila yako, kataa. Nywila iliyohifadhiwa yaweza kusomwa na mtu mwingine kupitia mipangilio ile ile. Atakayeingia kwenye akaunti yako ya mkopo anaweza kubadilisha taarifa zako, na wewe ukagundua dirisha la maombi likiwa limeshafungwa.

Ondoka kwenye kila akaunti uliyoifungua. Kufunga dirisha la kawaida pekee hakutoshi. Kisha fungua folda ya vipakuliwa na ufute nakala za cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na fomu ulizoziacha humo, pamoja na zile zilizo kwenye pipa la taka. Dirisha fiche halihifadhi kumbukumbu za kurasa ulizotembelea, lakini mafaili uliyopakua hubaki.

Usimwachie mhudumu nywila yako ili akumalizie kazi baadaye. Ikiwa ulikwisha kufanya hivyo, ibadilishe leo kwa kutumia kifaa unachokiamini.

Kwa mwenye steshenari, tunashauri kivinjari na mfumo wa kompyuta visasishwe mara kwa mara. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama ya kawaida Januari 2020, na Windows 10 ilifikia ukomo huo Oktoba 2025.

Haki yako

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza mtu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inalinda taarifa zako. Ukibaini kwamba akaunti yako imeingiliwa, badilisha nywila, ijulishe taasisi husika, na utoe taarifa kituo cha polisi. Namba ya simu iliyotumika kukutapeli iripoti kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

Kivinjari kinapokuzuia, kina sababu. Anza kwa kutazama tarehe, kisha anwani, ndipo uamue kama utaendelea.